Siala kwa wino na rangi: kuchora mti unaochanua kwa mtindo wa zamani

Mti unaochanua huharibika karatasini kwa sababu moja kubwa: mchoraji hukimbilia rangi. Anaiona siala imewaka manjano kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, anachovya brashi, na baada ya muda mfupi ana madoa ya manjano na kijani ambayo yangeweza kuwa mti wowote. Michoro ya mimea ya karne ya 18 na ya 19, ile iliyochapwa kwa wino mweusi kisha ikapakwa rangi kwa mkono, ilifuata njia tofauti. Mstari ndio uliobeba kazi. Hata ukiondoa rangi yote, mjuzi wa mimea angeutambua mti. Rangi ilikuja mwisho, nyepesi, nayo haikuruhusiwa kufunika mstari hata mmoja.

Mwongozo huu unafuata utaratibu huo kwa vifaa ambavyo mtu wa Kisumu, Kakamega au Nakuru anaweza kuvipata. Nimechagua siala, ambayo Waluhya huiita lusiola na wataalamu huiita Markhamia lutea, kwa sababu tunaishi nayo. Iko kwenye mipaka ya mashamba, nguzo zake zimeshika nyumba nyingi za huku, na ua lake ni kubwa kiasi kwamba unaweza kulichunguza bila darubini. Aliyeko Nakuru anaweza kufuata hatua hizi kwa jakaranda, na aliye karibu na murembe au Nandi flame asisite.

Kabla hujashika penseli

Ni vizuri kujua michoro hiyo ya zamani ilivyotengenezwa, maana kila hatua hapa chini imetoka huko. Mchoraji alichora mmea akiwa ameuweka mbele yake. Fundi mwingine aliuchonga mchoro huo kwenye bamba la shaba, na baadaye, baada ya Alois Senefelder kubuni uchapaji wa jiwe miaka ya 1790, ukachorwa pia juu ya jiwe. Nakala zikachapwa kwa wino mweusi. Kisha zikapelekwa kwa wapakaji, waliokaa na nakala moja iliyopakwa kikamilifu kama kielelezo, wakazipaka zilizobaki wakiitazama hiyo. Jarida la mimea alilolianzisha William Curtis mjini London mwaka 1787 liliendelea kupakwa rangi kwa mkono hadi mwaka 1948. Hiyo ni miaka 161 ya watu wenye brashi, toleo baada ya toleo.

Kwa hiyo kazi yako ina sehemu tatu: mchoro wa mstari, nakala, na rangi. Ukizichanganya, hutapata sura ile ya zamani hata ukitumia karatasi ya bei gani.

Hatua ya 1: Pata tawi, na ulipate kwa adabu

Usiende kukata Msitu wa Kakamega. Ni msitu unaolindwa, na kukata hata tawi kunahitaji kibali. Siala imejaa mabomani mwa watu, basi piga hodi.

"Habari ya asubuhi, mama? Naomba tawi moja la siala yako, lenye maua. Nataka kulichora."

"Kulichora tu? Kata, mwanangu, lakini usiguse lile la upande wa ng'ombe."

Nenda asubuhi mapema, kabla jua halijakausha umande. Tafuta tawi lenye vitu vinne: ua lililofunguka vizuri, matumba ambayo hayajafunguka, jani moja zima kuanzia shina hadi ncha, na ganda la mbegu. Mara nyingi hutapata ganda kwenye tawi lenye maua. Liokote au ulikate kwenye tawi jingine la mti huohuo, si mti wa jirani, kwa kuwa miti hutofautiana.

Funga tawi kwenye gazeti lililoloweshwa, ulitie kwenye mfuko, ukaze mdomo. Ukifika nyumbani kata tena sentimita mbili za mwisho wa shina likiwa ndani ya maji, kisha lisimamishe kwenye chupa. Maua ya siala huanguka mazima, taji lote kwa pamoja, likiacha kikombe chake kwenye kikonyo. Chukua maua ya akiba, matatu au manne, uyahifadhi kwenye kopo lililofunikwa lenye tishu yenye unyevu.

Andika papo hapo: mahali, tarehe, urefu wa mti kwa kukadiria, na mwinuko wa mahali kama simu yako inaonyesha. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru inapita 1,800, na mtu atakayeuona mchoro wako baadaye atataka kujua tofauti hiyo. Tawi la ziada likaushe katikati ya magazeti chini ya matofali, ukibadilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Tawi hilo kavu ndilo shahidi wa mchoro wako. Kuna Hebaria ya Afrika Mashariki kule Nairobi, iliyoanza Amani, katika Tanzania ya leo, mwaka 1902 na kuhamia Nairobi mwaka 1950, na kazi yake ni kuhifadhi mashahidi wa namna hiyo na kutambua mimea.

Hatua ya 2: Lichunguze ua hadi ulijue

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wasiwe na haraka. Muda utakaoutumia kwenye hatua hii utaonekana katika kila mstari.

Anza na tumba. Kikombe cha sepali cha siala, yaani kile kinacholifunika ua kabla halijachanua, hakifunguki kama nyota yenye ncha tano. Kimefunga kama mfuko mdogo wa rangi ya kijani inayoelekea manjano, wenye vinyweleo vifupi, na kina ncha iliyopinda kidogo. Ua linapotaka kutoka, mfuko huo hupasuka upande mmoja tu. Ukikichora kikombe kimegawanyika sawasawa pande zote, umechora mti mwingine.

Sasa ua lenyewe. Ni tarumbeta ya manjano yenye urefu wa sentimita tano au sita, nyembamba chini, halafu inapanuka na kuishia kwenye midomo mitano ya mviringo iliyokunjamana kingoni. Midomo miwili iko juu, mitatu chini. Angalia ndani ya koo: kuna michirizi ya rangi nyekundu inayoelekea kahawia, ikishuka kwenda ndani. Michirizi hiyo imeelekezwa, haikutawanyika ovyo. Ihesabu kwenye mdomo mmoja, uitazame inapoanzia na inapopotelea.

Chukua wembe mpya. Weka ua moja la akiba juu ya kigae cheupe, ulipasue kwa urefu kuanzia kwenye kikonyo, ulifungue kama kitabu. Utaona stameni nne, yaani vijiti vyenye chavua, zilizoshikamana na ukuta wa tarumbeta, mbili ndefu na mbili fupi, na kando yake kipande kidogo ambacho ni stameni ya tano isiyokua. Katikati unapita uzi mmoja mrefu unaotoka kwenye ovari, na ncha yake imegawanyika mara mbili kama vijiko viwili vidogo. Kioo cha kukuzia, hata kile cha bei rahisi cha wanafunzi, kinatosha. Chora sehemu hizi kwenye daftari, kila moja peke yake, na kando ya kila mchoro andika urefu wake kwa milimita.

Jani la siala ni jani la vijani vingi, kwa kawaida kati ya 7 na 13, vikiwa viwiliviwili vinavyokabiliana na kimoja mwishoni. Vile vya chini ni vidogo kuliko vya katikati. Chini kabisa, jani linaposhikamana na shina, mara nyingi kuna vijani viwili vya mviringo vinavyofanana na masikio. Watu wengi huviacha kwa kuwa haviko kwenye picha iliyo akilini mwao. Vichore.

Na ganda. Ni jembamba, linaning'inia, linaweza kufika sentimita 75, na hujikunja kadiri linavyoning'inia. Likifunguka, mbegu hutoka zikiwa na mabawa membamba yanayopitisha mwanga. Weka mbegu moja juu ya karatasi nyeusi ndipo utaona ubawa wake unaishia wapi.

Hatua ya 3: Tengeneza alama za rangi ua likiwa bado hai

Fanya hivi siku ileile. Manjano ya siala inafifia haraka baada ya kukatwa, na kesho utakuwa unapaka kumbukumbu. Changanya rangi, paka kijisanduku kidogo kwenye kipande cha karatasi uliyokusudia kutumia, acha kikauke, kisha kiweke juu ya mdomo wa ua. Kama hakifanani, jaribu tena. Tengeneza alama za sehemu hizi: manjano penye mwanga, manjano penye kivuli, mchirizi wa kooni, kikombe, uso wa jani, mgongo wa jani, na ganda. Andika chini ya kila kijisanduku ulichanganya nini na nini.

Kuhusu rangi zenyewe: nunua chache, nzuri. Rangi za maji za tyubu huandikwa alama ya pigmenti, yaani unga unaozipa rangi, upande wa nyuma, herufi na namba, na alama hiyo ina maana kubwa kuliko jina zuri lililoandikwa mbele. PY42 ni manjano ya oksidi ya chuma. PR101 ni nyekundu ya kahawia ya chuma, inayofaa hasa michirizi ya siala. PB27 ni buluu ya Prusia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na kutumiwa sana na wapakaji wa zamani. Ongeza manjano moja safi, ya limau. Epuka PR83, nyekundu ambayo hupauka kwa mwanga. Huku kwetu, jua lilivyo, itapauka upesi. Wapakaji wa zamani mara nyingi walitengeneza kijani kwa kuchanganya buluu ya Prusia na gamboji, utomvu wa manjano wa miti ya jamii ya Garcinia. Gamboji ina sumu na inafifia, kwa hiyo tumia manjano yako ya kisasa bila kujuta.

Kijani cha tyubu usikiguse. Hakuna jani la Magharibi mwa Kenya lenye rangi hiyo. Changanya buluu na manjano, kisha utie chembe ya PR101 ili kijani kitulie.

Hatua ya 4: Panga ukurasa

Karatasi ya A3 ina urefu wa sentimita 42. Jani la siala peke yake linaweza kuchukua sehemu kubwa ya hapo, na ganda halitaingia hata kidogo. Wachoraji wa zamani walikutana na tatizo hilohilo kila siku, na walikuwa na njia tatu zinazofaa kuigwa.

Ya kwanza ni kukata. Tawi linakatwa mwisho wake kwa mkato safi wa mshazari unaoonyesha ndani ya shina, na ganda linakatwa katikati, vipande viwili vikawekwa sambamba. Ya pili ni kupitisha kitu kirefu nyuma ya majani, kikatokea upande wa pili. Ya tatu, ninayoipenda kuliko zote, ni kuacha majani ya nyuma yakiwa mstari mtupu bila rangi. Tazama michoro mingi ya jarida la Curtis: ua na jani moja vimepakwa rangi kamili, na nyuma yake kuna majani mengine ya wino tu. Ilipunguza kazi ya wapakaji, lakini pia iliupa ukurasa kina na utulivu ambao rangi kila mahali isingeupa.

Tawi na ua vichore kwa ukubwa wake halisi. Sehemu za ndani ya ua zikuze mara mbili au tatu, uziweke chini ya ukurasa, zikiwa na namba ndogo: 1, 2, 3. Andika kipimo kando ya kila moja, kwa mfano ×3. Ganda zima likipunguzwa, andika ×½. Acha nafasi tupu ya kutosha pembeni, zaidi ya unavyodhani inahitajika. Ukurasa wa zamani unapumua.

Hatua ya 5: Penseli

Weka tawi mbele yako mahali mwanga unatoka upande mmoja. Vitabu vya Ulaya husema ukae kwenye dirisha la kaskazini, kwa kuwa jua huko haliingii upande huo. Kwetu ushauri huo haufai. Mstari wa Ikweta unapita Maseno, na jua letu huhama: kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba liko upande wa kaskazini, na miezi inayobaki liko kusini. Basi tumia dirisha la kusini katikati ya mwaka na la kaskazini kuelekea Krismasi. Utapata mwanga usiobadilikabadilika. Kwa desturi mwanga katika michoro hii hutoka juu kushoto, basi kaa ili uje hivyo.

Anza na ua, kwa sababu ndilo litakaloanguka kwanza. Kisha matumba, kisha jani. Ganda lifanye mwisho kabisa. Litakungoja hata wiki.

Tumia penseli ya HB kwenye karatasi ya kawaida, siyo ile nzuri. Pima kwa rula au bikari: urefu wa tarumbeta, upana wa mdomo, umbali kati ya jozi moja ya vijani na nyingine. Mchoro huu wa kwanza unaweza kuchafuka kwa kufutwafutwa, haidhuru. Ukiridhika nao, weka karatasi laini nyeupe juu yake, viegemeze vyote viwili kwenye kioo cha dirisha mchana, ukanakili kwa penseli ngumu ya 2H, mstari mmoja safi, bila kukwangua.

Hatua ya 6: Wino

Kalamu ya nibu ya chuma na chupa ya wino mweusi ndiyo inayokaribia zaidi mstari wa shaba, kwa kuwa ukiikandamiza mstari unanenepa na ukiiachia unakonda. Kalamu za kisasa za wino wa pigmenti, namba 0.1 na 0.3, ni rahisi zaidi kwa anayeanza, na zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya shule na ya wachora ramani za nyumba. Jaribu wino kabla: chora mistari kadhaa, ngoja hadi kesho yake, pitisha brashi yenye maji. Ukichuruzika, haufai.

Siri ya mstari wa zamani ni unene. Upande wa mwanga, juu kushoto, mstari ni mwembamba na mahali pengine unakatika kabisa. Upande wa kivuli, chini kulia, unanenepa. Hilo peke yake, bila kivuli chochote, linalifanya jani liinuke kutoka karatasini. Chora kila mstari kwa mwendo mmoja, ukivuta mkono kuelekea kwako, na uzungushe karatasi badala ya kukunja kiwiko.

Ndani ya ua tia wino kidogo mno. Manjano ni rangi nyepesi, na mistari mingi chini yake huonekana kama uchafu. Mistari michache inayofuata mkunjo wa tarumbeta, basi. Michirizi ya kooni usiichore kwa wino. Ni kazi ya rangi. Kwenye majani unaweza kuwa mkarimu: mshipa mkuu kwa mistari miwili inayokaribiana kuelekea ncha, mishipa ya pembeni kwa mstari mmoja mwembamba, na vistari vifupi vya kivuli pale jani linapogeuka. Chora na tundu la mdudu kama lipo. Majani ya siala nadra kuwa mazima, na wachoraji wazuri wa zamani hawakuwa wakiusafisha mmea ili upendeze.

Hatua ya 7: Nakala

Hatua hii ndiyo inayotenganisha mchoro wa kupakwa kwa mkono na mchoro wa kawaida wa rangi za maji, na watu huiruka. Usipake rangi kwenye mchoro wako wa wino. Uhifadhi.

Upeleke saiba yenye printa ya leza inayoweza A3, ukiwa na karatasi zako mwenyewe. Uliza swali moja tu: ni leza au ni ya wino wa maji? Unga wa leza huyeyushwa kwa joto na kushikamana na karatasi, maji hayautoi. Wino wa maji wa printa nyingi utachuruzika mara tu brashi ikiugusa. Karatasi iwe laini, ya gramu 160 hadi 200, isiyong'aa, na kama duka lina ya rangi ya maziwa badala ya nyeupe kabisa, chukua hiyo. Karatasi yenye mikwaruzo mikubwa haishiki unga vizuri na inaweza kukwama mashinani. Karatasi ya magugumaji inayotengenezwa kwa mkono Kisumu naipenda sana, lakini ina nyuzi nene na inakunywa maji. Itumie kwa jalada au kadi ya kuzungushia mchoro, siyo kwa mchoro wenyewe.

Toa nakala kumi. Moja itakuwa kielelezo, mbili za kujaribia, zinazobaki ni kazi.

Kuna watu wanaopaka chai kwenye karatasi ili ionekane ya zamani. Siwashauri. Chai ina tanini na asidi, karatasi inadhoofika, na ile rangi ya kahawia yenye mawingu haifanani na karatasi ya mwaka 1830 iliyotunzwa vizuri, ambayo mara nyingi bado ni nyeupe inayoelekea maziwa. Ukitaka joto kidogo, paka karatasi yote kwa maji yenye chembe ya PY42 kabla ya kuanza, kwa brashi pana, uiache ikauke ikiwa imebandikwa kwenye ubao kwa utepe wa karatasi pande zote nne.

Hatua ya 8: Rangi

Unahitaji brashi mbili zenye ncha inayosimama, namba 2 na namba 4, sahani nyeupe ya kuchanganyia, vikombe viwili vya maji na tishu. Kikombe kimoja ni cha kusuuza, kingine kibaki safi kwa kuchanganya.

Tengeneza kielelezo kwanza, ukiwa na zile alama za rangi za siku ya ua. Manjano ndiyo ianze, kwa sababu ndiyo rahisi kuchafuliwa na rangi nyingine. Changanya manjano ya limau na maji mengi, ipake kwenye midomo yote mitano kwa safari moja, na uache karatasi tupu pale mwanga unapogonga. Usirudi nyuma kurekebisha ikiwa bado mbichi. Iache ikauke kabisa. Kisumu siku ya mvua, hewa ya ziwa ikiwa nzito, hilo huchukua muda, na kukausha kwa kupuliza au kuweka juani kutaikunja karatasi.

Safari ya pili ni manjano nzito zaidi, yenye PY42 kidogo, kuelekea kooni na chini ya mikunjo. Kwa kivuli cha manjano usitie nyeusi, inageuka kijani kibaya kama cha ugonjwa. Tia PR101 kwa kiasi cha ncha ya brashi na maji mengi. Safari ya tatu ni michirizi ya kooni: brashi namba 2, karibu kavu, PR101, kutoka ndani kuja nje, ukiinua mkono mwishoni ili mchirizi uishie kwa ncha. Hapo ua litasimama. Nimeona watu wakiendelea kuongeza rangi baada ya hapo, na kila safari ya ziada huua mwanga mmoja uliokuwepo.

Majani ni safari mbili au tatu. Kijani chepesi chenye manjano kwanza, kote isipokuwa kwenye mshipa mkuu na kwenye mwako wa mwanga. Kikishakauka, kijani kizito kati ya mishipa ya pembeni, upande wa kivuli wa kila mshipa. Mistari ya wino ionekane waziwazi kupitia rangi. Isipoonekana, rangi ni nene mno. Mgongo wa jani una kijani kilichopauka zaidi. Kikombe ni kijani chenye manjano nyingi.

Sehemu za kijani kizito kabisa wapakaji wa zamani waliziongezea gamu arabiki ili zing'ae kidogo. Gamu hiyo ni utomvu wa mgunga, Acacia senegal, na huvunwa hapahapa nchini, Turkana, Isiolo, Marsabit na kwingineko kaskazini. Iyeyushe kwenye maji ya moto hadi iwe kama maji ya asali, iache ipoe, itie tone moja moja kwenye kijani cha mwisho. Ikizidi hupasuka ikikauka, basi kidogo tu.

Kielelezo kikikamilika, kisimamishe mbele yako upake nakala nyingine kwa utaratibu wa karakana: manjano ya kwanza kwenye zote, halafu manjano ya pili kwenye zote, halafu kijani. Nakala ya kwanza ikiwa inakauka, wewe uko kwenye ya sita. Kama nyumbani kuna wawili watatu wanaopenda, kila mmoja ashike rangi moja. Hazitafanana kabisa, na hiyo ndiyo thamani yake. Anayezijua michoro hii hutafuta tofauti hizo kwanza.

Hatua ya 9: Maandishi na uwazi

Chini katikati andika jina la kitaalamu kwa herufi zilizoinama, Markhamia lutea (Benth.) K.Schum., na chini yake majina ya hapa: siala, lusiola, mobet kwa Wanandi. Mabano yale yanaonyesha kwamba Bentham ndiye aliyeuelezea mti kwanza na Schumann akauhamishia kwenye jenasi hii, iliyopewa jina la Clements Markham, mwanajiografia Mwingereza. Chini kushoto, mahali wachoraji wa zamani walipoweka jina lao likifuatwa na del. (kifupi cha neno la Kilatini lenye maana ya "amechora"), weka jina lako. Chini kulia andika mahali tawi lilipotoka, mwaka, na namba ya nakala, kama 3/7.

Mwaka usikose. Mchoro uliotengenezwa vizuri kwa njia hii unaweza kumdanganya mnunuzi, na mtu mwingine anaweza kuuza kazi yako kama ya karne mbili zilizopita. Kama siku moja utauziwa mchoro unaodaiwa kuwa wa zamani, utazame kwa kioo cha kukuzia: rangi iliyochapwa na mashine ya kisasa ni vidoto vidogo vilivyopangwa kwa safu, rangi ya mkono ni bapa na hukusanyika kingoni mwa kila doa. Na uchapaji wa bamba la shaba huacha mfinyo wa mstatili kuzunguka picha, unaohisiwa kwa kidole, isipokuwa kama kingo zimekatwa. Uchapaji wa jiwe hauachi mfinyo huo.

Hatua ya 10: Fremu

Mwambie fundi wa fremu mambo matatu. Nyuma ya mchoro aweke kadi nyeupe isiyo na asidi, siyo ubao mtupu wa hadibodi, kwa kuwa hadibodi huacha madoa ya kahawia. Mbele aweke kadi yenye dirisha ili karatasi isigusane na kioo. Unyevu wa ziwa hujikusanya hapo na kuleta ukungu. Na asitumie gundi popote kwenye mchoro. Vibanzi viwili vya karatasi nyembamba upande wa juu, vilivyobandikwa kwa uji wa ngano, vinatosha kuushikilia, na vinaweza kutolewa kwa maji siku mtu akitaka kuutoa. Tundika ukutani pasipofikwa na jua la asubuhi wala la jioni, na nyuma ya fremu andika kwa penseli mahali tawi kavu ulilolihifadhi lilipo.